Kaboni ya Dhahabu na Maji ya Kunywa: Si Kila Chembe Nyeusi Ni Chujio

Wakazi wengi wa Kata ya Ngokolo wenye ndugu machimboni wanaifahamu kaboni: chembe nyeusi, ngumu, zinazotumika katika mitambo ya kuchenjulia marudio ili zikamate dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanidi. Kaboni ya jamii hiyo hiyo, ikiwa mpya na iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, husafisha pia maji ya kunywa. Kufanana huko kunaweza kumponza mwananchi.

Kaboni hiyo hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe. Malighafi huchomwa pasipo hewa, kisha hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi. Mvuke hutoboa vitundu visivyoonekana kwa macho, hata gramu 7 au 8 tu za kaboni bora zikawa na kuta za ndani zenye eneo la uwanja mzima wa mpira. Uchafu hunasa katika kuta hizo. Mkaa wa jikoni haukupitia hatua hiyo, hivyo hauwezi kushika nafasi yake.

Kaboni ya kawaida huondoa vizuri harufu, rangi, klorini na viuatilifu vingi. Floraidi huigusa kwa shida sana, na hapo ndipo suala linapotuhusu, kwa kuwa baadhi ya visima vya Mkoa wa Shinyanga vina floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu, meno ya watoto hubadilika rangi na mifupa hudhurika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.

Ndiyo maana wataalamu huibadili kaboni kulingana na adui. Hupakwa oksidi ya chuma ili ikamate aseniki, hutiwa salfa kwa ajili ya zebaki, na alumini kwa ajili ya floraidi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, umetumika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kazi hiyo yataka vipimo: mifupa ikiungua kupita kiasi hupoteza uwezo, na isipoiva maji hunuka. Si kazi ya kujaribu uani.

Kaboni iliyokwisha kutumika kwenye dhahabu isichuje maji kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Inaweza kubaki na sayanidi na metali zenye sumu. Hata chujio halali hujaa, na vijidudu huweza kuzaliana ndani yake, hivyo libadilishwe kwa wakati.

Maji ya bomba ya SHUWASA kwa sehemu kubwa hutoka Ziwa Victoria, yakiwa yametibiwa Ihelele, wilayani Misungwi. Anayetegemea kisima apeleke kwanza sampuli katika Maabara ya Ubora wa Maji ya Wizara ya Maji iliyopo Shinyanga, ndipo anunue chujio linalolingana na majibu.