Mandhari Ndiyo Mtaji Kando ya Mto Norway

Anayelala katika hoteli ya Juvet, bonde la Valldal nchini Norway, hanunui mazulia wala dhahabu. Chumba kina samani chache. Ukuta mmoja, pengine kuta mbili, ni kioo kitupu. Nje kuna miti, mawe na mto. Mbao za ndani zimepakwa mafuta meusi ili kioo kisirudishe taswira ya chumba, mgeni aone mandhari tu. Kinachouzwa hapo ni utulivu.

Kwa mfanyabiashara, hesabu iko chini ya sakafu. Vyumba 7 vya kwanza, vilivyochorwa na wasanifu Jensen & Skodvin, vimesimama juu ya nondo nene za milimita 40 zilizochomekwa mwambani. Baruti haikutumika. Mwamba ukishalipuliwa bidhaa imekwisha, na hakuna benki inayokopesha mwamba mwingine.

Gharama ipo. Vyumba hivyo vilijengwa kwa kuta nyembamba, kwa ajili ya majira ya joto. Tena havitazamani, hivyo eneo kubwa hubeba vitanda vichache. Mwenye hoteli ya namna hii hafidii kwa wingi wa wageni, bali kwa bei ya usiku mmoja.