Sayari Juu ya Kakamega

Mkulima wa Kakamega atokaye alfajiri kukamua ng'ombe huenda akaona mashariki nyota kubwa, nyeupe, yenye nuru tulivu. Miezi kadhaa baadaye, karani arudiye nyumbani jioni huona kama hiyo upande wa machweo. Wengi hudhani ya kuwa hizo ni nyota mbili. La, ni moja, wala si nyota: ni sayari Zuhura, iangazwayo na jua kama dunia yetu. Kwa kuwa haitengani mbali na jua, haionekani kamwe usiku wa manane.

Sayari nyingine zionekanazo bila darubini ni Utaridi, Mirihi iliyo nyekundu, Mushtari na Zohali. Kakamega iko karibu na ikweta, kwa hiyo hupita juu sana angani kuliko zionekanavyo London.

Atakaye hakika na achore sayari pamoja na nyota zilizo jirani, kisha atazame tena baada ya miezi miwili. Nyota zitakuwa pale pale baina yao. Sayari itakuwa imehama. Mushtari huzunguka jua kwa miaka 12 hivi, Zohali kwa 29. Usiku wa Januari, mvua ipunguapo, wafaa zaidi. Hapo mtoto akiuliza, babaye atamjibu neno alilolihakikisha kwa macho yake mwenyewe.