Chaki Mpya ya Mashine ya Kukerezea: Kipimo ni Amana

Katika Sura Saba tunaelezwa kwamba Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza deraya na kuzipima sawasawa pete zake. Mzazi anayetaka kumnunulia kijana wake chaki mpya ya mashine ya kukerezea vyuma na azingatie hilo.

Chaki ndiyo mkono wa mashine: hukikamata chuma kinapozunguka. Ile ya taya tatu huzifunga zote kwa pamoja; ni ya haraka, nayo hufaa vyuma vya mviringo na vya pembe sita. Katika ile ya taya nne za kujitegemea, kila taya husogezwa peke yake. Huchukua muda, lakini hukamata hata chuma kisicho na umbo maalumu, na fundi huweza kukisawazisha barabara kwa saa ya kupimia.

Kabla ya kulipa, pima mhimili wa mashine: kipenyo chake, na nafasi kati ya uzi na uzi. Soma pia kasi ya juu iliyoandikwa kwenye chaki. Mashine isizungushwe kupita hapo.

Siku ya kuifunga, zima umeme kwenye swichi kuu. Tandika ubao juu ya reli za mashine, kwani chaki ya milimita 200 ikiponyoka huvunja vidole. Futa nyuso zote mbili. Chembe moja ya chuma ikibanwa katikati, chaki huzunguka upande. Chaki ya nyuzi huingizwa kwa mkono, kamwe si kwa mota. Ikiwa sahani ya nyuma ni mpya, ikerezwe kwanza uso wake juu ya mashine hiyo hiyo.

Kisha kuna yale yanayoua. Ufunguo ulioachwa ndani ya chaki hurushwa kwa nguvu mara mashine inapowashwa; usiuachie mkononi mpaka umeutoa. Mikono mipana ya kanzu, skafu, pete na saa hunaswa kabla mtu hajapiga ukelele. Atokaye kwenye Swala ya Ijumaa abadili nguo kwanza, mteja asubiri.

Shafti iliyokerezwa upande itazila beringi za mashine ya kusaga ya mama mjane. Yeye hana jicho la kuiona kasoro hiyo. Fundi anaijua, na Mwenyezi Mungu anaiona.