Maana za Neno Virusi katika Tiba, Kilimo na Kompyuta: Mfano wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Makala haya yanafafanua maana za neno virusi katika nyanja tatu, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Asili ya neno hili ni Kilatini, ambamo lilimaanisha sumu. Mwaka 1898 mtafiti Martinus Beijerinck alilitumia kutaja kisababishi cha ugonjwa wa majani ya tumbaku. Mwaka 1984 Fred Cohen alilitumia kwa programu ya kompyuta inayojinakili ndani ya programu nyingine.

Lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana husemwa virusi vimeenea, na umoja wake ukaundwa kuwa kirusi.

Mkoani Kagera, neno hili lilizoeleka kwanza katika tiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walibainika mkoani humo mwaka 1983. Awali wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiuzwa wakati huo. Baadaye istilahi virusi vya UKIMWI ilienea, na kwa wengi neno virusi likabeba hofu ya kifo. Mwaka 2023 virusi vya Marburg vilizuka mkoani humo na kuikumbusha jamii hofu hiyo.

Katika kilimo, virusi husababisha batobato ya mihogo. Virusi hivi huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zenye ugonjwa, wala havimwambukizi binadamu. Hata hivyo, mkulima aliyelijua neno hili kupitia UKIMWI, akiambiwa shamba lake lina virusi, anaweza kuogopa kula muhogo au kisamvu.

Utata huongezwa na kihusishi cha -a unganifu. Katika virusi vya UKIMWI, kijalizo hutaja ugonjwa. Katika virusi vya Marburg, hutaja mji wa Ujerumani ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1967. Katika virusi vya kompyuta, hutaja kinachoathiriwa. Umbo ni moja, lakini uhusiano ni tofauti.

Aidha, kuita kila ugonjwa wa mimea virusi kuna gharama. Mnyauko wa migomba husababishwa na bakteria, ambao huenezwa pia kwa panga lililotumika kwenye mgomba mgonjwa. Kinga yake ni kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda na kusafisha panga kwa moto au dawa. Kinga ya batobato ni kupanda pingili safi za mbegu zinazostahimili ugonjwa. Anayechanganya visababishi hivi anaweza kuchagua pingili kwa makini huku panga lake likieneza mnyauko shambani.

Hivyo basi, mtaalamu anayetumia neno virusi hana budi kueleza mambo matatu: ni virusi gani, vinaathiri nini, na vinaeneaje.