Bukavu: Kasiksi na sambaza mezani, migomba mashakani

Mjini Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, jioni familia nyingi hula bugali, sombe na sambaza wa kukaanga. Kwa wanaokunywa, kinachoteremsha chakula hicho mara nyingi si divai ya chupa kutoka Ulaya, bali kasiksi, pombe ya ndizi. Kasiksi changa, yenye utamu bado, hufaa kwa sombe. Iliyochacha kidogo hukata mafuta ya sambaza.

Ndizi mbivu hukamuliwa kwa majani, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku mbili au tatu kasiksi iko tayari. Ikichelewa kunywewa, hugeuka kali kama siki.

Kwa wakulima wa Kabare na Walungu, bidoni moja ya kasiksi husaidia kulipa masomo ya watoto. Lakini mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, umefika hadi Kivu Kusini. Wadudu na mapanga huusambaza. Wataalamu wa kilimo wanashauri kuvunja ua la mwisho wa mkungu kwa kijiti chenye panda, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine.