Je, Wajua? Kung'oka kwa Mobutu, Kukitazamwa Kutoka Ufipa

Ukiteremka kutoka Sumbawanga kupitia Matai, barabara inaishia Kasanga, kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ni Kongo, nchi iliyotawaliwa na Mobutu Sese Seko kwa karibu miaka 32. Aling'olewa kwa miezi saba tu. Yaliyofuata hayajaisha mpaka leo, na mengine yamepita mbele ya macho ya watu wa Rukwa.

JIRANI WA NG'AMBO

Je, wajua kwamba ufuko wa Kongo unaotazamana na Kirando, Wampembe na Kala karibu wote uko katika wilaya moja, Moba? Novemba 1984 waasi wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila waliuteka mji wa Moba. Jeshi la Mobutu likawatimua baada ya siku chache. Juni 1985 wakarudi, wakatimuliwa tena.

Je, wajua kwamba Che Guevara alivuka ziwa hilihili mwaka 1965 akitokea Kigoma, kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, Kabila akiwa mmoja wa viongozi wao? Alikata tamaa, akarudi Kigoma Novemba 21. Siku tatu baadaye, Novemba 24, Mobutu akatwaa nchi.

Je, wajua kwamba mwaka 1975 watu wa PRP walivuka usiku wakateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall? Wote waliachiwa baadaye wakiwa hai.

Je, wajua kwamba chini ya Mobutu kila raia alihesabiwa mwanachama wa chama tawala, MPR, tangu anapozaliwa? Nchi ilibadilishwa jina ikawa Zaire mwaka 1971, majina ya ubatizo ya Kizungu yakapigwa marufuku, na tai zikavuliwa shingoni.

Je, wajua kwamba noti moja ilichangia kumbomoa? Mwishoni mwa 1992 serikali ilichapisha noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa. Askari, ambao ndio waliolipwa mshahara kwa noti hiyo, wakaingia mitaani Kinshasa kupora, Januari 1993. Jeshi lisilolipwa pesa inayonunua unga halikuwa na sababu ya kufa vitani karibu miaka minne baadaye.

MIEZI SABA

Je, wajua kwamba muungano uliomng'oa, AFDL, ulitangazwa Lemera, Kivu Kusini, Oktoba 1996, ukiwa na viongozi wanne? Angalia walivyoishia. André Kisase Ngandu aliuawa Januari 1997, vita vikiendelea. Anselme Masasu Nindaga aliuawa mwishoni mwa 2000 na serikali aliyosaidia kuiweka. Laurent Kabila alipigwa risasi ikulu Januari 16, 2001. Déogratias Bugera alijiunga na uasi mpya.

Je, wajua kwamba miji iliporomoka mmoja baada ya mwingine? Uvira, Bukavu na Goma ilitekwa kabla ya katikati ya Novemba 1996, Kisangani Machi 15, 1997, Lubumbashi Aprili 9, Kinshasa Mei 17. Nyuma ya AFDL zilikuwepo Rwanda, Uganda na Angola, kila moja na sababu zake. Rwanda ilikuwa ikiwafuata waliohusika na mauaji ya kimbari ya 1994, waliojificha katika kambi za wakimbizi za Kivu.

Je, wajua kwamba Mobutu na Kabila walikutana ana kwa ana melini? Mei 4, 1997 Nelson Mandela aliwakutanisha ndani ya meli ya jeshi la Afrika Kusini, SAS Outeniqua, kwenye pwani ya Pointe-Noire. Hawakupatana.

Je, wajua kwamba ndege iliyomtoa Mobutu kijijini kwake Gbadolite ilifyatuliwa risasi na askari wake mwenyewe, wenye hasira ya kuachwa? Alifia Rabat, Morocco, Septemba 7, 1997.

Je, wajua kwamba MV Liemba, meli ambayo watu wa Kirando, Kipili, Wampembe, Kala na Kasanga waliizoea kwa miongo, ilifanya kazi katika historia hii? Mwaka 1997, Mobutu akiwa ameshaondoka, Umoja wa Mataifa uliikodi iwarudishe kwao maelfu ya wakimbizi, ikipiga safari za Kigoma na Uvira kwa miezi mitano. Meli hiyohiyo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa, ikaanza tena kazi mwaka 1927.

BAADA YA MOBUTU

Je, wajua kwamba kabla Mei 1997 haijaisha, Kabila, sasa akiwa rais, alikuwa ameshapiga marufuku shughuli za vyama vya siasa na kujilimbikizia madaraka ya kutunga sheria na kuzitekeleza? Jina la Zaire lilifutwa. Mazoea ya Zaire yalibaki.

Je, wajua kwamba Agosti 2, 1998 Rwanda na Uganda ziligeuka zikaunga mkono uasi dhidi ya mtu ziliyemweka? Angola, Zimbabwe na Namibia zikaja kumwokoa Kabila.

Je, wajua kwamba vita hivyo vilifika ng'ambo kidogo tu ya Kala? Machi 2002, mazungumzo ya amani yakiendelea Sun City, waasi hao, wa kundi la RCD, waliteka Moliro, bandari ndogo karibu na mpaka wa Zambia. Ujumbe wa serikali ukasusia mazungumzo. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1399 kuwataka waasi waondoke. Jina la bandari hiyo ndogo likasomwa New York.

Je, wajua kwamba Joseph Kabila, aliyeapishwa Januari 26, 2001 baada ya baba yake kuuawa, alikulia Tanzania na kusoma Shule ya Sekondari Sangu, Mbeya? Ni mji uleule ambao mwanafunzi wa Sumbawanga huufikia kwa basi la kupitia Laela na Tunduma.

Je, wajua kwamba katiba ya 2006 ilikitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa? Jeshi la Mobutu lilitoa amri kwa Kilingala. Wapiganaji wa AFDL waliingia Kinshasa wakizungumza Kiswahili.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 mikoa ilifikishwa 26, na Katanga ikakatwa vipande vinne? Mwambao unaotazamana na Rukwa sasa uko chini ya mkoa wa Tanganyika, makao makuu yake Kalemie.

Je, wajua kwamba ibara ya 220 ya katiba ya 2006 inakataza kabisa kubadili idadi na urefu wa vipindi vya rais, yaani viwili vya miaka mitano mitano? Hilo ndilo jibu la Wakongo kwa Mobutu, na lilianza kutumika karibu miaka tisa baada ya yeye kuondoka. Joseph Kabila alipochelewesha uchaguzi kuanzia 2016, waandamanaji walikuwa na kifungu cha kumwonyesha.

Je, wajua kwamba Januari 24, 2019 ndiyo mara ya kwanza rais wa Kongo kumkabidhi ofisi mwingine bila bunduki? Aliyepokea, Félix Tshisekedi, ni mtoto wa Étienne, mpinzani sugu wa Mobutu. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi nchi nzima, walisema matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na hesabu zao.

Na je, wajua kwamba Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi huyohuyo alitangaza kuunda tume ya kuiangalia upya katiba? Kipindi chake cha pili, na cha mwisho kwa katiba iliyopo, kinaisha baada ya uchaguzi wa 2028. Kumng'oa mtu kulichukua miezi saba. Kupata makabidhiano ya kwanza bila vita, karibu miaka 22. Ibara ya 220 ikiguswa, hesabu hiyo itaanza upya, na mitumbwi ya kwanza yenye wakimbizi watu wa Kirando na Kasanga wataiona kabla ya Dar es Salaam kupata habari.