Bisibisi Iache Kwanza

Msimu wa korosho ukiisha, hapa Chikongola tunaanza kuletewa misumeno ya mnyororo. Mikorosho mikongwe inapunguzwa matawi, mingine inakatwa ibaki kisiki ili ichipue na kubebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Msumeno uliolala miezi mingi stoo unatakiwa kazini leo hii. Unawaka vizuri tu. Ukivuta resi unakohoa. Ukigusa gogo, unazimika.

"Fundi, skrubu za kabureta nimeshazizungusha zote."

Mzee wangu, hapo ndipo injini hufa. Skrubu yenye herufi H inapima petroli ya resi kubwa. Ukiibana, mlio unakuwa mwembamba na mkali, unadhani umepona. Lakini injini hii haina oili yake ya pembeni. Ile ya tanki la pili ni ya mnyororo. Oili ya pistoni inakuja ndani ya petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na oili, na pistoni inakwaruzika.

Mimi naanza na tanki. Injini ikishapoa nalegeza kifuniko kidogo, nawasha tena msumeno ukiwa umesimama wima. Nguvu zikirudi, tundu la kupumulia tanki limeziba. Zisiporudi, navuta chujio kwa waya uliopindwa ncha, kisha naukunja mpira wa mafuta pale unapoingia tankini. Ufa mwembamba usioonekana mpira ukiwa umenyooka hufunguka hapo. Kupitia ufa huo injini inavuta hewa badala ya petroli, ndicho kile kikohozi.

Filta ya hewa ni kukung'uta na kuosha. Ndani ya kabureta kuna kiwambo chembamba cha mpira; petroli iliyoachwa humo hukikausha, na kikikakamaa kama karatasi, dawa ni kipya tu.

Mchanganyiko nao watu wanakisia. Oili nzuri ya tu-stroki ni mililita 20 kwa lita 1 ya petroli, labda kama kitabu cha mashine kinasema vingine. Ikizidi, masizi yanaziba kiwavu cha eksozi na nguvu zinapotea taratibu.

Nikishafungua eksozi, namulika tochi tunduni. Pistoni ikiwa laini, sasa nashika bisibisi. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, kabureta naiacha: kazi imehamia kwenye silinda, pistoni na ringi. Mashine za kupulizia salfa ya ugonjwa wa ubwiriunga nazo nazipima kwa mpango huohuo.